Tundu Aliloliziba Kasmuri

Benchi la mama muuza kahawa, Bu Tumini, liko ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la hospitali ya watoto mjini Surabaya, na kahawa yake nyeusi yenye machicha imewakalisha wengi waliopaswa kuwa ndani. Asubuhi hiyo ilimkalisha Kasmuri. Mwanawe mchanga alikuwa ghorofani akisubiri kupasuliwa adhuhuri: umio, njia ya chakula, umeishia njiani kama kichochoro kilichozibwa, na kipande cha chini kimejiunga na njia ya pumzi. Kasmuri alikuwa ameshawaambia wakaa benchi kosa lake. Mkewe akiwa mjamzito, aliziba tundu la panya jikoni kwa saruji, na kwao hakuna asiyejua kwamba mume wa mjamzito hazibi tundu.

— Na hukutamka hata maneno ya kumkinga mtoto? aliuliza Pak Mita, mzee aliyestaafu kusoma mita za umeme.

— Nilisahau, Pak.

— Basi tena! Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe umeziba, na ukuta umejengeka kooni mwa mwanao.

— Mdomo wako huo, mzee! alifoka Bu Tumini. Mwenzio ana roho mkononi.

Cak Antena, fundi wa televisheni, alisogea karibu.

— Daktari kasemaje?

— Kasema mwanzo bomba ni moja tu, Cak. Chembe za mwili zinapelekeana ujumbe. Za mbele zinaambiwa nyie mtakuwa njia ya pumzi, za nyuma nyie njia ya chakula. Ndipo bomba linagawanyika. Kwa mwanangu ujumbe haukufika sawasawa.

— Mawimbi hayo! Si nilisema? Kwenu kuna mnara wa simu?

— Upo, nyuma ya shule.

— Ushaona! Watu wanatumiana umbea usiku kucha, ujumbe wa mtoto utapita wapi? Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Bu Tumini aliweka birika chini.

— Ebu nijibu. Hilo bomba linagawanyika lini?

— Mimba ikiwa na wiki nne hivi.

— Na tundu uliliziba lini?

— Tumbo la miezi saba.

— Sasa je! Saruji ya juzi itarudije nyuma?

Kasmuri alishusha pumzi. Pak Mita hakumwachia hata aimalize.

— Nia, Bu! Nia hutangulia. Kasmuri alianza kumchukia panya huyo lini?

Tangu arusi. Kasmuri alikumbuka, na hofu ikamrudia, nzito kuliko mwanzo. Alisimama, ufunguo wa pikipiki mkononi.

— Naenda nyumbani Lamongan kulibomoa. Nitawahi kurudi.

— Ruka upesi, ndugu yangu, alihimiza Cak Antena. Haraka haraka haina baraka!

— Na panya umwombe radhi, aliongeza Pak Mita. Umpelekee wali.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akinywa chai pembeni aliinua uso. Alikuwa na bintiye wa miaka kama mitano, anayetafuna ndizi ya kukaanga taratibu, na fulana ilipopanda lilionekana kovu refu la kupasuliwa chini ya kwapa.

— Samahani, Mas, kaka yangu. Hata huyu wangu alipasuliwa umio hapo ng'ambo. Mama mtoto yuko wapi?

— Bado kalazwa Lamongan, alikojifungulia.

— Na mtoto yuko na nani sasa hivi?

Pak Mita alimtazama Cak Antena. Kasmuri alisema manesi wapo. Tangu mwanawe azaliwe hakuwahi kumgusa. Aliiogopa mikono yake iliyokoroga ile saruji, asije akamziba na pumzi.

Yule binti alikohoa ghafla, kikohozi kikavu cha kubweka, wote wakashtuka. Mamake hakushtuka. Alimsugua mgongo mpaka kipande cha ndizi kikashuka.

— Mama, nyingine, alisema binti.

Kasmuri aliweka ufunguo juu ya benchi.

— Bu, nimwagie maji ninawe.

Bu Tumini alimmwagia kutoka kwenye ndoo, mara mbili, kwa sababu alisugua kwa muda mrefu. Kisha Kasmuri alivuka barabara kuelekea langoni, akiogopa vile vile, mikono ikichuruzika maji.