Profe Otilia na Vitenzi Vikaidi

Mwalimu Otilia Murillo Castejón, ambaye mji wetu mzima wa El Progreso unamwita Profe Otilia, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti, baada ya kufundisha Kiingereza katika chuo chetu cha jioni kwa miaka 27 na miezi sita. Amepitisha mikononi mwake wanafunzi 2,916. Amekosa kufika jioni sita tu, na tatu kati ya hizo alikuwa akimzika mama yake. Tarakimu hizi nimezitoa mwenyewe katika madaftari ya mahudhurio, maana barua ya kumstaafisha haina hata moja inayomtetea.

Kiingereza chake hakukifuata ng'ambo. Alikipata uani kwa jirani, Bi Verna, mzaliwa wa kisiwa cha Roatán, ambako watu wanazaliwa nacho. Bi Verna alikuwa akiwafulia watu nguo, na Otilia wa miaka kumi na miwili alimshikia ncha ya pili ya shuka wakati wa kukamua. Shuka moja, kitenzi kimoja. Hakuna cheti kinachotolewa kwa masomo ya namna hiyo.

Kila aliyekua na Kihispania anajua tunapokwama. Kuna vitenzi vya Kiingereza visivyofuata kanuni yoyote: leo kitenzi kina sura hii, jana kilikuwa na nyingine, na jambo likishatendeka kinavaa ya tatu. Profe aliviita vitenzi vikaidi. Orodha yake ilikuwa na 164, na hakumlazimisha mtu avimeze vyote kwa mkupuo. Darasa lake lilikuwa la watu 41, kwa hiyo wiki ya kwanza ya Februari kila mmoja alibatiziwa vinne, akawa baba au mama yao wa ubatizo mpaka Novemba. Mwenzako akiharibu kitenzi chako, wewe ndiye uliyesimama kujibu, kama mzazi aliyeitwa shuleni. Watu walikutana foleni ya baleada, ile mikate ya maharage, wakaulizana watoto wanaendeleaje, na muuzaji akashangaa, kwani wengine walikuwa hawajaoa. Mimi nilipita hapo mwaka 2003, mchana nikiuza betri za saa kituo cha mabasi. Leo nafundisha hesabu za biashara katika chuo hiki hiki, na wanne wangu bado nawajua kwa sura zao tatu.

Misemo ilikuwa shughuli nyingine. Waingereza wana msemo kwamba fulani amepiga ndoo teke, yaani amekufa. Denia Paguada, mwanafunzi wa mwaka 2011, aliupenda sana. Mwezi wake wa pili katika kituo cha kupokea simu huko San Pedro Sula, alipigiwa na mjane aliyetaka laini ya marehemu ifungwe. Denia, kwa sauti ya msibani kabisa, akampa pole kwa kuwa mumewe amepiga ndoo teke. Alifukuzwa siku hiyo hiyo.

Chuoni tulicheka wiki nzima. Profe hakucheka. Alipanda basi, akakaa mapokezi kwa muda wa saa nne mpaka meneja alipotoka, akamwambia kosa si la binti, ni la mwalimu aliyempa maana bila kumwambia pa kusemea. Denia alirudishwa kazini, na sasa anasimamia watu 60. Tangu hapo kila msemo ubaoni ulikuwa na alama yake: huu wa kazini, huu wa sokoni, huu uusikie tu lakini usiuseme.

Machi mwaka huu walimu wa Kiingereza waliletewa na ofisi ya elimu mtihani wa kompyuta. Alama ya kufaulu ilikuwa 60. Profe alipata 58. Katika kusoma na kuandika alipata 41 kati ya 50. Katika kusikiliza na kuongea, akiwa amevalishwa vidude masikioni, akizungumza na mashine, akisikia sauti za haraka za watu ambao hata Bi Verna asingewaelewa, alipata 17. Walimu tisa walifanya mtihani ule. Waliofaulu ni watatu, na wawili kati yao ni wanafunzi wake.

Alipewa njia mbili: kuhamishiwa maktaba, au kustaafu mapema. Aliomba jambo moja tu, abaki na darasa lake la mwisho hadi wafanye mtihani wao tarehe 24 Novemba, hata bila malipo. Tulikusanya sahihi 312. Jibu lilikuja baada ya siku kumi na moja, mstari mmoja: kanuni hairuhusu.

Basi tukapanga darasa lihamie nyumbani kwake, barazani, siku za Jumamosi. Kanuni haina la kusema juu ya baraza ya mtu. Denia alitumwa kumweleza. Alimkuta amekunja orodha yake na kuiweka kabatini.

"Mwanangu," alimwambia, "mtu aliyeambiwa hajui kuogelea hapewi watoto awapeleke mtoni."

"Lakini Profe, ni wewe uliyenifundisha mimi."

"Ndiyo. Na ukafukuzwa kazi."

Denia alirudi na maneno hayo, akakaa chumba cha walimu bila kugusa kahawa yake. Ofisi kuiamini ile 58, nimeshazoea. Ofisi huamini kila kinachochapishwa. Kinachotuuma sisi ni kwamba Profe naye ameiamini. Miaka 27 na nusu imeshindwa na asubuhi moja ya mtihani wa saa mbili na dakika kumi. Nimeipiga hesabu hiyo kila upande na haiji sawa.

Profe Otilia, mashuka uliyokamua yamewavusha watu 2,916. Wako kwenye simu, hotelini, bandarini, wengine wamevuka mipaka kwenda kaskazini, ambako hatuwezi kuwafuata. Hakuna kati yao aliyeulizwa akuwekee alama, kwa hiyo naziweka mimi hapa, kwa maandishi, kwa niaba ya wenzako wote: umefaulu. Asante. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na miaka mingi ya kunywa kahawa ikiwa bado ya moto.

Jumamosi saa tisa alasiri vijana wako 41 watakuja kukuaga. Nimewakataza kubeba vitabu, na nimewaambia wasikuombe chochote. Wanataka kukuona tu. Wakibisha hodi, Profe, tafadhali fungua.