Dkt. Lorine Anyango na Matone ya Mwanga

Ndugu waombolezaji, mimi ni Joram, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, Dkt. Lorine Anyango.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1978 huko Ahero, kifungua mimba wa Mzee Opondo na Mama Ajwang, akasoma shule ya msingi hapo hapo, ingawa mafuriko yalimkatiza mara kwa mara, kisha sekondari Awasi, na mwaka 2009 akapata shahada ya uzamivu ya fizikia ng'ambo. Alirudi Kisumu kufundisha chuo kikuu, na tarehe 11 Desemba 2010 akafunga ndoa na Frankline, wakajaliwa binti, Winny.

Kazi yake ilikuwa ya mwanga unaonaswa kati ya vioo viwili vidogo sana, ukafungamana na maada hadi ukawa matone, ambayo yakipangwa karibu karibu kila moja hukubaliana au hupingana na jirani yake, kama zifanyavyo sumaku ndogo zilizomo ndani ya vitu, ambazo hesabu zake huzishinda hata kompyuta kubwa. Vipimo vilifanyika ng'ambo, yeye na wanafunzi wake wakachambua matokeo hapa.

Mwaka 2019 alitangaza kwamba matone yamejipanga yenyewe, kila moja likifuata jirani yake. Mwanafunzi wake, Milka Nekoye, alimwambia, “Daktari, si matone jirani yanayoyapanga, ni kasoro ya kioo.” Marehemu alimfokea mbele ya wenzake, akamwondoa kwenye utafiti, na Milka akaacha masomo. Sifa zilipokuja, sisi tulichinja ng'ombe.

Mwaka 2022 wenzake wa ng'ambo walikigeuza kile kioo, na mpangilio wa matone ukageuka nacho. Lorine aliiondoa makala yake, akamtaja hadharani aliyeona kosa kwanza, kisha akamfuata Milka mtaani Kondele, hapa Kisumu, alikokuwa akiuza simu, akamwomba msamaha. Milka alimjibu, “Nimekusikia, Daktari, lakini miaka yangu nani atanirudishia?” Dada alimtafutia nafasi chuo kingine, chini ya msimamizi mwingine, lakini tangu siku hiyo alikataa kusifiwa, hata na mwanawe.

Februari 2024 alipatikana na saratani ya matiti, na tarehe 3 Juni 2025, akiwa wodini, aliniambia, “Ukisoma maisha yangu, Joram, usinisafishe.” Alfajiri iliyofuata akatuacha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi matangani, na wenzake wa chuo. Tunamshukuru pia Milka, aliyefika leo na kuketi pale nyuma, ambaye hajasema kwamba amesamehe, nasi hatutamwomba aseme.

Dada, Mungu akupe pumziko la amani.