Viriba Viwili vya Lomuria

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, wakuu wa idara mlioacha meza zenu mkaja wenyewe, na nyinyi mliotumwa kuwakaimu wasiofika, machifu wa Lokitaung na Kaikor, ambao vumbi la safari ya juzi bado mnalo mabegani, Baba Padri, wazee wangu mlioketi upande wenye kivuli, wafanyakazi wenzangu, wageni wetu kutoka kambi ya Kakuma, na wewe baba yangu mzazi, Mzee Aukot, ambaye hukutaka kuja: ejok, hamjambo nyote. Nimewataja kwa utaratibu wa ofisi. Baba atanisamehe kumweka mwisho, maana kwa utaratibu wa moyo wangu yeye ndiye wa kwanza.

Leo mimi, Nakal binti Aukot, ninastaafu baada ya miaka thelathini katika masjala ya ofisi hii ya Lodwar. Niliingia mwaka wa sitini na nane nikiwa msichana wa miaka ishirini, natoka mwaka huu wa tisini na nane nikiwa na miwani mbili, moja ya kusoma na moja ya kutafutia ile ya kusoma. Nimepewa dakika kumi na tano. Mnisamehe nikizipita kidogo, kwa sababu karani wa mafaili akishika karatasi moja hukuta nyingine imeng'ang'ania nyuma yake.

Mheshimiwa amenisifu hapa kwamba nilikuwa mkali. Mheshimiwa, ulitaka kusema kitu kingine ukajizuia, na nakushukuru. Ni kweli kwamba hakuna faili lililotoka mlangoni kwangu bila kusainiwa katika daftari, na ni kweli kwamba wewe mwenyewe, wiki yako ya kwanza Lodwar, nilikurudisha kutoka kwenye gari lako ukasaini. Ulicheka ukasaini. Waliokutangulia hawakucheka wote.

Basi leo mnaona nina mafaili mawili mezani hapa. Nimeyasaini. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kutoa faili kwa shughuli yangu mwenyewe, na ruhusa nimepewa kwa maandishi. Mafaili haya yalikuja katika sanduku la bati kutoka ofisi ya zamani ya Lokitaung, na yote mawili ni ya mwaka 1932. Moja ni la kazi ya barabara. Jingine ni la zahanati. Katika miaka yote hiyo, pamoja na kwamba yalilala sanduku moja, hakuna mtu aliyewahi kuyafungua pamoja.

Nianze na la barabara. Wazee mnajua kwamba wakati wa Mzungu vijana wetu walichukuliwa kwenda kuvunja mawe kwenye barabara ya Lokitaung, na hawakuulizwa kama wana nafasi. Katika kundi moja la watu saba alikuwemo babu yangu, Lomuria, na alikuwemo pia baba yake Mzee Akaale, huyu mnayemwona amekaa mstari wa kwanza na kofia yenye unyoya. Kila asubuhi majina yalisomwa. Asubuhi moja, siku ya Jumanne, likasomwa jina la Lomuria. Wenzake wakajibu neno moja. Karani, ambaye hakuwa mtu wa huku, akaandika neno moja la Kiingereza ambalo maana yake ni mtoro.

Wengi wenu hapa mnajua kilichofuata, ingawa kwa heshima hamjawahi kunitamkia usoni. Sehemu ya Lomuria ilibidi ivunjwe na wale sita, na kwa sababu ya utoro wake walibakishwa miezi miwili zaidi. Ulikuwa mwaka wa ukame. Baba yake Mzee Akaale aliporudi nyumbani alikuta binti yake mdogo ameshazikwa. Je, mtu wa namna hiyo angemsamehe aliyemkimbia? Mimi nisingemsamehe. Ikasemwa kwamba ukoo wa Lomuria hautakaa tena katika akiriket pamoja na koo za wale sita. Kwa ajili ya wageni wetu nieleze kwamba akiriket ni mduara wa wanaume wanapokula nyama ya shughuli, na kila mmoja hapo ana mahali pake anapopajua tangu utoto. Asiye na mahali huletewa kipande nyuma, kwa mkono.

Baba yangu hakupenda kuletewa kipande kwa mkono. Nikiwa mdogo nilikwenda naye kwenye harusi nyingi, na kila nyama ilipoiva aliinuka, akatazama ngamia wake, akasema, "Mimi sina njaa." Niliamini. Niliwaambia watoto wenzangu kwamba baba yangu ni mtu wa pekee, hashikwi na njaa. Nilikuwa na miaka tisa hivi nilipomwona amerudi nyumbani akala ugali baridi wa mama mpaka sufuria ikabaki nyeupe. Hapo nikajua.

Sasa mnisikilize, maana hapa pana aibu yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa pili kazini nilifungua faili hili la barabara. Nikaona jina la babu. Nikaona lile neno. Mbele ya kila jina karani aliwachoresha watu alama ya chapa ya mifugo ya ukoo wao, badala ya kidole gumba, na mbele ya Lomuria kuna mstari uliopinda wenye vijiti viwili chini, chapa ambayo mimi na ndugu zangu tumeiona kwenye mapaja ya ngamia wetu tangu tulipoanza kuona. Katika wale saba hakuna mwingine mwenye chapa hiyo. Nikalifunga faili, nikalirudisha chini kabisa ya sanduku, na miaka ishirini na tano sikulifungua. Sikumwambia baba. Karatasi ya serikali ilikuwa imesema, na mimi nilikuwa mtu wa karatasi za serikali. Nami nilimhukumu babu yangu kama walivyomhukumu wengine, tena mimi nilimhukumu kwa ushahidi mkononi.

Aliyenifungua macho amekaa pale karibu na mlango, na ninaomba asimame. Anaitwa Mama Nyawal. Asante mama, keti.

Mwaka wa tisini na nne tuliazimwa makarani watano kwenda Kakuma kusaidia kuhesabu watu kambini. Kila kaya ilisimama mbele ya meza, nami nikasoma majina kwenye kadi. Nikasoma jina la mume wa mama huyu: "Chuol." Nikauliza, "Chuol yuko?" Mama Nyawal akasema, "Hayuko." Kwenye fomu kulikuwa na sehemu mbili za kutia alama, moja ya aliyefariki na moja ya aliyeondoka. Nikatia alama kwenye aliyeondoka, nikamwita anayefuata. Watu walikuwa wengi, jua lilikuwa kali, na mimi nilijiona nafanya kazi safi sana.

Siku ya nne alirudi na jirani yake, Malith, anayesoma Kiingereza. Aliweka kadi mezani akaniambia, "Mama, hapa Malith anasoma, inasema mzee yangu ametuacha."

Nikamwambia, "Si ulisema hayuko?"

"Nilisema hayuko. Mimi hapana sema ametuacha. Chuol alikufa njiani, kabla ya mpaka. Mimi nilimzika na mkono yangu."

Nikamuuliza, kwa ukali ambao naujutia mpaka leo, "Basi kwa nini hukusema amekufa?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Wewe hapana uliza kama amekufa. Wewe uliuliza kama iko." Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau: "Chakula si shida, chakula itakuja sawa tu. Lakini watoto yangu iko shule. Kesho watajua kusoma. Watasoma baba yao alitukimbia."

Nilirekebisha ile fomu mbele yake, na nilimwomba radhi mbele ya watu. Lakini nikiwa juu ya lori narudi Lodwar, kati ya mizigo na mapipa, maneno yale hayakuniacha. Wewe uliuliza kama iko. Wale watu sita waliosimama barabarani mwaka 1932, jina la Lomuria liliposomwa, walijibu nini? Wazee, nyinyi mnalijua jibu bila kuliona. Katika lugha yetu neno ni moja: emam. Hayupo. Neno hilo halisemi mtu amekwenda wapi, halisemi amekimbia, halisemi amekufa. Wale sita hawakusema uongo, walisema walichokijua. Neno mtoro liliandikwa na karani, kama mimi nilivyoandika ameondoka, naye bila shaka alikuwa na jua lake kali na alijiona anafanya kazi safi.

Lakini swali langu lilikuwa bado. Kama hakukimbia, alikuwa wapi? Hapo nikaanza kusoma majirani wa lile faili, karatasi kwa karatasi, muda wa chakula cha mchana. Nilichukua zaidi ya miaka mitatu. Wenzangu mlidhani nimeanza kufunga saumu.

Nikalifikia hili la zahanati. Dresa wa Lokitaung, yaani mfunga vidonda wa zahanati, alikuwa mtu wa kuandika sana, Mungu amrehemu, aliandika hata mbuzi aliyekula bendeji zake. Jumatano, yaani siku moja baada ya ile Jumanne, ameandika hivi, nami nawafasiria: wasafiri wa kutoka Kaikor wameleta maiti ya mwanamume wasiyemjua, wamemkuta kando ya njia ya chemchemi, mguu wa kulia umevimba, ameumwa na nyoka. Amezikwa hapa. Vitu vyake: fimbo, ekicholong, kile kigoda cha kulalia kichwa, na viriba viwili vya maji, vimejaa, havijafunguliwa. Na kwa sababu hakumjua jina, dresa alichora chapa aliyoiona imechongwa chini ya kigoda. Ni mstari uliopinda wenye vijiti viwili.

Nikiisha kusema hapa, yeyote anayetaka aje atazame karatasi hizi mbili. Atazame kwa macho, asishike.

Ndugu zangu, hebu tujiulize kwa utulivu. Mtu anayewakimbia wenzake hubeba viriba viwili? Mtu mwenye mguu uliovimba, peke yake, mwaka wa ukame, hufa na maji yamejaa bila kuonja? Labda yule aliyejua kwamba maji yale si yake. Dresa ameandika pia kwamba wasafiri walimkuta kati ya chemchemi na barabara. Alikuwa ameshateka, alikuwa anarudi. Sita walikuwa na kiu, bila kujua amekwenda wapi usiku ule, naye alikuwa anawaletea.

Nililia masjala siku hiyo. Niliweka karatasi pembeni kwanza zisilowe, kisha nikalia.

Faili la barabara sikulifuta neno lolote, maana karani hafuti. Nimeingiza ukurasa mmoja nyuma ya lile jina, nimeandika: tazama faili la zahanati, Jumatano. Nimetia saini na tarehe ya jana. Ndiyo kazi yangu ya mwisho katika ofisi hii, na naomba atakayerithi meza yangu asiuchomoe.

Baba nilimweleza Jumapili baada ya misa. Nilidhani atalia au atafurahi. Aliniambia, "Mimi unaniambia nini? Mimi siku zote nilimjua baba yangu. Waambie wao." Ndiyo maana nimeomba dakika zangu hapa hadharani, na ndiyo maana nilimpelekea Mzee Akaale mwaliko bila kumweleza sababu. Mzee, kwa hilo uniwie radhi. Mimi ni mwanamke, sina sauti katika akiriket. Lakini leo serikali imenipa kipaza sauti, nami nimekitumia. Dada yako aliyekufa ule ukame simsahau. Hakuna karatasi inayoweza kumrudisha, na baba yako hakukosea kuumia. Sikuombi useme neno.

Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima wa kumalizia, wa shukrani na ushauri kwa vijana, nao ulikuwa mzuri. Lakini naona Mzee Akaale ameinuka. Bwana mshereheshaji, mwache apite. Amechukua kigoda chake. Anakwenda upande wa kivuli. Amekiweka kando ya baba yangu, amekaa.

Anasema kitu. Mliokaa nyuma hamkusikia, basi niwafasirie kama nilivyozoea. Anasema mahali pa Lomuria pako kati ya mahali pake yeye na pa mdogo wake. Anasema miaka hii yote hakuna aliyekaa hapo. Walikasirika, anasema, lakini hawakupafunga.

Basi niongeze nini mimi? Mheshimiwa, asante kwa ruhusa. Mama Nyawal, asante kwa kurudi siku ya nne. Wenzangu wa masjala, daftari la kusaini liko kwenye droo ya kushoto. Nyote nawashukuru kwa kunitegea sikio mpaka hapa. Mbuzi wanachomwa kule chini kwenye ukingo wa Turkwel, na moshi wake umeshatufikia. Baba, wazee hawa wakikuita kukaa, leo tafadhali usiseme huna njaa.