Majina Yenye Ilikuwa Inatoka kwa Chumba Changu

Bamaman, bapapa, amani kwenu, ba kanisa na ba muskiti. Maman présidente wa kikundi chetu amenipatia ruhusa nisimame, lakini aliniomba leo nisichekeshe. Kuniomba vile ni kama kumupa mbuzi kazi ya kulinda shamba ya maharagi. Nitajaribu.

Munanijua. Mi ni ule wa kale kasecrétariat karibu na soko ya Kamembe. Napiga dokima, natoa fotokopi, na niko na ordinateri moja ya mezani yenye batu banakujaka kutafutia mambo kwa internet. Masomo niliachia katikati ya sekondari. Mwalimu wa hesabu aliniaga na furaha kushinda mama yangu.

Internet haikuwa yangu. Mwenye nyumba aliivuta kwake, kisha akanipitishia kamba paka kwa chumba changu, tukawa tunalipa pamoja. Nilimushukuru sana. Nilimuitaka hata Papa, na miaka tunakaribiana.

Sasa, mwaka jana, maman moja wa hapa kati yetu akakuja kwangu. Yeye mwenyewe ameniruhusu nieleze, bila jina. Alingoja batu bengine batoke, ndipo akaniomba nimufungulie kwa internet mahali pa kliniki moja ya Kigali. Ile kliniki, jina lake peke yake linasema ugonjwa. Ugonjwa gani, sitasema. Benye munajua munajua, na hamukukuwa na haki ya kujua. Akasoma. Mi nikageuka, nikaangalia ukuta. Akamaliza, akaenda zake.

Hata bibi yangu sikumwambia. Na munajua namna ile ilinitesa, mi mwenye siwezi kubeba habari paka kona ya kwanza bila kuiangusha.

Juma haikuisha, soko yote inajua. Batu banapita mbele ya sambaza, zile samaki ndogo zenye ule maman anauzishaka, kama zimeoza. Siku moja akasimama kwa mulango wangu, hakuingia.

“Papa, nilikuaminia,” akasema. “Ungechekesha na kichwa yako, siyo na mwili wangu.”

Ndugu zangu, nawaambia, afazali angenipiga. Niliapa. Lakini nani anaamini muchekeshaji akiapa? Nikisema kweli, munacheka. Nikikasirika, munacheka zaidi. Kuna benye mumekaa apa leo mulisema kinywa yangu haina mulango. Siwaonyeshe na kidole, ju maman présidente ananiangalia. Mara moja tu katika maisha yangu nilikuwa nimefunga ile kinywa, na njo mara ile munanihukumu! Batu bakaacha kuja. Nikawa nakaa pale peke yangu, natoa fotokopi ya mukono wangu nione kama mashine ingali nzima.

Siku moja, mulango umefungwa, nikafungua mahali moja kwa internet penye banauzisha mafuta ya kuotesha nywele. Munaona wenyewe apa juu, sina la kueleza. Sikuagiza, niliangalia tu. Kesho yake tuko kwa brochette, tunakula nyama ya mishikaki, mwenye nyumba akaniuliza mbele ya batu, eti zile nywele zitaota lini. Bote bakacheka, na mi nikacheka, ju mi nachekaka kila kitu. Kisha nikajiuliza. Yeye alijua namna gani?

Nikangoja tubakie wawili, nikamuuliza. Hakuficha hata kidogo. Alitoa telefone yake, akanionyesha: kila mahali panafunguliwa kwa chumba changu, jina lake na saa vinapita kwa kifaa chake cha internet, na yeye anasoma, jioni, kama gazeti; na mwenye aliingia kwangu saa ile, alimuona kwa mulango wake.

“Internet ni yangu,” akanijibu. “Chenye kinapita kwa nyumba yangu ni changu.”

Chake! Na maji tunayoogea, si yanapita kwa robinet yake? Basi achungulie na bafu, achukue chenye ni chake! Mwili wa maman wa batu alikuwa anaula pamoja na brochette, na mi njo natukanwa. Nilitaka kukata kamba na panga. Lakini nikikata, hata mi sina internet.

Njo nikamutafuta dada moja wa kikundi chetu, mwenye anatengenezaka telefone. Alinieleza namna hii. Ordinateri haijuake njia. Mbele ya kufungua mahali, inauliza kwanza: jina hili linaishi kwa namba gani? Na swali lile linaenda wazi. Ni kama kumupatia mupita njia wa Ruhwa, kwa mupaka, neno la mudomo amufikishie ndugu yako Burundi: kila mwenye anakaa kando ya barabara anasikia. Lakini unaweza kuliweka ndani ya bahasha, ukaligandisha, ukalituma kwa mwenye umechagua.

Akaniambia niende kwa paramètres, ndiyo mipangilio ya ordinateri, kwa réseau, penye mutandao, nichague kuandika DNS na mukono wangu, ndiyo jina la ule mwenye kujibu maswali. Nikaandika namba zake. Nikapiga makofi. Nikazunguka soko nzima, natangaza siri za batu ziko salama kwangu. Mjinga mukubwa. Kujaribu, nikafungua mahali pa kufuga nyuki. Kesho yake mwenye nyumba akaniuliza asali.

Dada akakuja, akaangalia, akashika kichwa. Kumbe nilibadilisha mwenye kuulizwa, lakini bahasha sikuweka. Chini ya zile namba kuna mahali pa kuwasha chiffrement, njo ile bahasha yenyewe, na pale paliandikwa imezimwa. Tukawasha. Kuna na pengine panaruhusu ordinateri irudilie njia ya wazi kama bahasha inashindikana. Ile tukazima. Akanionya pia: hii haifiche kila kitu, na ule mwenye unamutumia maswali sasa yeye njo anayaona, kwa hiyo muchague vizuri.

Nikafungua mahali pa kufuga bata. Kesho, kimya. Siku zikapita, kimya. Paka jioni moja kwa brochette, mbele ya batu bengi, mwenye nyumba akashindwa kuvumilia.

“Weye,” akaniambia, “siku hizi unafanya nini mule ndani? Sioni tena hata jina moja.”

Mzee moja akaweka brochette yake chini. Akamuuliza polepole: “Kumbe ulikuwaka unaona?”

Hakuna mwenye alicheka. Mi pia sikucheka.

Ile habari ilifika sokoni mbele yangu. Kesho yake ule maman akaingia, akavuta kiti, akakaa. Hakuniomba musamaha, na hakukuwa na deni lolote kwangu. Akasema tu: “Papa, nifungulie ile kliniki. Nataka rendez-vous, banipangie siku ya kuona munganga.”

Ameenda, ameanza dawa, na muko munamuona.

Namushukuru dada wa telefone, mwenye alikuja mara ya pili bila kunitukana. Namushukuru ule Mzee, ju ya swali yake. Na kwenu bengine, hasira yangu haijaisha, nitasema tena na maman présidente anisamehe. Mulisikia ugonjwa wa mwenzenu, mukautembeza soko yote, mukakuja kuniuliza mi kwa nini nilisema. Hakuna hata mumoja wenu alimuuliza mwenye alimuletea ile habari: weye, ulijua namna gani? Mungeuliza vile siku ya kwanza, ule maman hangelala na njaa na samaki yake kwa meza. Bahasha ya ordinateri nitakuja kuwawekea nyumba kwa nyumba, bure. Ile swali, muulize wenyewe.