Nukta Ukingoni mwa Ukuta

Nyuma ya steji ya matatu ya Kitengela, pale trela za Namanga huwatemea watu vumbi bila ubaguzi wa kabila, kuna benchi ambalo mguu wake mmoja ulitoka kwa kiti cha kanisa na haujaombewa urudi. Hapo Saruni huuza kahawa ya tangawizi. Asubuhi hiyo stima ilikuwa imepotea mtaani, kwa hivyo Nzula, mwandishi wa programu, alikuja kumalizia kazi benchini na laptop yenye chaji. Alikuwa akirekebisha kernel, ile sehemu ya ndani kabisa inayoamrisha kompyuta yote. Marekebisho yake ya kwanza yalikataliwa na wenye kernel. Haya ya pili yalikuwa tayari, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kutuma. Alijiamini kama askofu siku ya Pasaka. Kando yake walikaa Kisilu, mchoraji wa mabango aitwaye Brashi, na mzee Githongo, broker wa ploti, aitwaye Bikoni kwa kuwa anazijua bikoni zote za mipaka ya ploti, hata zilizohama usiku.

BIKONI: Madam, unatuma nini huko?

NZULA: Kuna amri ya zamani ya kunakili maneno, strcpy. Inayatoa hapa, inayapanga pale, na haiulizi pale kuna nafasi gani. Yakizidi, yanaingia kwa jirani.

BIKONI: Hiyo naijua. Hiyo ni surveyor.

BRASHI: Hiyo ni mimi. Nilichora Keziah Salon, maneno yakaishia kwa mlango wa bucha. Watu wakaenda kusukwa na mwenye bucha.

NZULA: Ikaja nyingine, strncpy. Hiyo inaona ukingo, lakini nafasi ikijaa haiweki alama ya mwisho. Msomaji hajui pa kusimama, anaendelea kusoma mali ya jirani.

BRASHI: Keziah Salon, tunasuka na kuchoma mbuzi.

NZULA: Umeshika. Sasa mimi nimezitoa zote, nimeweka strscpy. Ikifika ukingoni inaweka alama, inafunga.

BIKONI: Haba na haba hujaza kibaba. Wazee walikuwa wanaonya watu wa kompyuta. Kikijaa, si kitamwagika?

SARUNI: Na hizo herufi zilizomwagika huenda wapi, mzee?

BIKONI: Hewani. Wewe unafikiri hili vumbi la simiti ni simiti? Ni herufi za Nairobi. Upepo unazileta, sisi tunazikohoa.

SARUNI: Ndiyo maana mjomba wangu kule Mashuuru anakohoa Kiingereza.

BRASHI: Na vitunguu vya Kimana je? Vinaliza watu sababu vimemwagiliwa barua za mapenzi.

Nzula alicheka bila kumrekebisha mtu. Hoja ya kijiweni ikishavuka kikombe cha tatu ni kama fahali: unaipisha tu.

BRASHI: Lakini madam ni mwalimu wangu. Juzi alisema hapa hapa, ukifika ukingoni weka nukta, funga. Sasa sisumbui jirani yeyote. Leo alfajiri nimechora ukuta wa mama mmoja wa maziwa. Maneno yakagoma kutosha. Nikaweka nukta moja safi, kubwa kama kifuniko cha ndoo. Mwenda pole hajikwai.

NZULA: Mnaona? Hata ukuta umeelewa.

Akainamia laptop atume. Hapo mwanamke mwenye aproni akavuka barabara, kipimo cha maziwa mkononi, akasimama mbele ya benchi. Hakuna aliyewahi kumwona hapo, lakini Brashi alipoona kile kipimo ghafla alianza kusoma kikombe chake.

MWANAMKE: Naitwa Caroline. Natafuta Brashi.

Brashi akamwonyesha Bikoni. Bikoni akamwonyesha Brashi, mwenye rangi vidoleni.

CAROLINE: Nilikwambia kwa simu uandike, "Caroline: hatuuzi maziwa yaliyotiwa maji."

BRASHI: Na nikaandika.

CAROLINE: Umeandika, "Caroline: hatuuzi maziwa." Halafu nukta. Tangu asubuhi watu wanasoma, wanapita. Mmoja ameingia kuniuliza, sasa mama, unauza nini?

Bikoni alipaliwa na kahawa.

BRASHI: Lakini mama, hakuna herufi hata moja imeingia kwa jirani.

CAROLINE: Jirani sijamtaja. Maneno yalipokataa kutosha, ulimwambia nani?

Brashi akamtazama Bikoni. Bikoni akamtazama Saruni. Saruni akatazama birika.

Nzula aliondoa kidole. Strscpy ikikata maneno haikai kimya. Hurudisha jibu kwamba hayakutosha. Alilijua hilo tangu mwanzo. Lakini kwenye msimbo wake jibu lilikuwa linarudi na kukuta mlango umefungwa, hakuna wa kulisoma. Vifaa viwili vya kompyuta vyenye majina marefu yanayofanana mwanzoni vingekatiwa mahali pamoja, viitwe jina moja, na kila kimoja kina nukta safi mwishoni.

BIKONI: Madam, umetuma?

NZULA: Bado.

BIKONI: Na ulikuwa na haraka ya mtu aliyeitwa kortini.

NZULA: Nilikuwa nachora ukuta wa Caroline, mzee.

Akaanza kuandika upya: jina lisipotosha, likataliwe, na aliyelileta aambiwe hapo hapo. Vidole vilikimbia, uhakika ulikuwa umerudi, ila sasa ulikuwa umevaa viatu na unaangalia pa kukanyaga.

Caroline aliketi, bado anangoja jibu, akaomba kahawa. Saruni akainamisha birika. Kahawa ikafika nusu kikombe, yakafuata matone mawili, basi.

SARUNI: Mama, imeishia hapo. Haijajaa, nakwambia kabla hujashika kikombe.

CAROLINE: Umesikia, Brashi? Maneno ni hayo tu, na hayahitaji ukuta.