Mkono wa Kresensia Jenau, Fundi Nozeli wa Golo Wune

Padri, wazee wa ukoo, majirani, na ninyi madereva mliozima injini zenu pale barabarani kwa heshima yake: mimi ni Silvester, mdogo wake marehemu wa kumfuata. Nimepewa kazi ya kusoma maisha yake, nami nitayasoma. Ila jina lake lina doa ambalo si lake, na sitakubali lizikwe naye.

Marehemu Kresensia Jenau alizaliwa tarehe 11 Februari 1956 hapa hapa Golo Wune, mtoto wa pili wa Mzee Rofinus Janggu na Mama Margareta Daus. Alisoma shule ya msingi ya parokia kuanzia 1963 hadi 1969, kisha akapelekwa mjini Ruteng kwa masista kujifunza ushonaji, akamaliza 1972. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano bila kuangalia, huku mdomo unasengenya. Masista walimkaripia kwa ajili ya mdomo, lakini kwa vidole hawakupata kosa.

Tarehe 18 Juni 1977 alifunga ndoa na Donatus Jebarus, fundi wa injini za dizeli. Siku ya posa shemeji alikuja na grisi kwenye kucha. Mama akanong'ona, "Huyu huwa anaoga kweli?" Marehemu akajibu mbele ya wazee wote, "Mama, subiri uone mimi nitakavyokuwa mweusi." Wazee waliangua kicheko, Mama akajifunika uso.

Tangu 1981 alikaa kwenye meza ya nozeli katika gereji yao Ruteng, miaka arobaini na miwili. Nozeli ndiyo inayopulizia dizeli ndani ya injini, kwa vitundu ambavyo mimi na miwani yangu sivioni. Alikuwa akizifungua, anaziloweka, anazisugua kwa brashi ya shaba, halafu anazipima kwenye mashine ya mpini. Akivuta mpini, nozeli nzima inakoroma na kutoa ukungu. Mbovu inatema mate. Kila nozeli ina sindano yake ndani, na ole wako uchanganye. "Hawa ni mke na mume," alikuwa akisema. "Wewe utakubali nikubadilishie mkeo?"

Vitundu hakuvigusa kwa chuma hata kidogo. Alivizibua kwa nyuzi nyeusi za mti tunaogema tembo, zile zilizotumika kuezekea nyumba ya ukoo inamotunzwa ngoma ya mababu, zilizokaushwa na moshi wa jiko miaka na miaka. Baba mkubwa Kanisius, mkuu wa nyumba ile, alipomkuta ananyofoa, akang'aka: "Wewe binti! Unawanyonyoa mababu nywele?"

"Baba, nywele zao ndizo zinazowapandisha wajukuu wao mlimani. Kuna ubaya gani?"

Mzee akamtoza jogoo mmoja kila mwaka, awaombe mababu ruhusa kwanza, na marehemu hakukosa hata mwaka mmoja.

Jamani, mimi nimeyaona. Lori la Baba mkubwa, lile la mabenchi nililokuwa naliendesha, mita yake ya kilomita ilifika mwisho ikaanza tena sifuri mara saba. Mara saba! Na bado lilipanda mlima wa Watu Ringgang na abiria arobaini, nguruwe na magunia ya kahawa, moshi wake huuoni. Nilikuwa nikishika usukani nasisimka mwili, nikijua injini kuukuu namna ile inapumua kwa vidole vya dada yangu.

Tarehe 9 Julai 1996 lori hilo lilizimika katikati ya mlima ule, likarudi nyuma hadi kwenye mianzi. Mama Rosalia, aliyekuwa abiria, alivunjika mguu. Marehemu alifungua nozeli mbele ya umati, ndani akakuta ncha ya sindano ya kushonea. Sindano yake. Baba mkubwa akauliza, "Nani kafanya hivi?" Marehemu akasema, "Ni mimi. Mkono uliteleza." Wakasema mababu wamelipiza nywele zao. Akakatazwa nyuzi miaka mitatu, na mpaka leo wapo wanaomwita Mkono Mtelezi. Nawaona hapa.

Sasa nisikilizeni. Siku mbili kabla ya ajali ile marehemu alikuwa harusini. Lori lilikuwa linatoa moshi, nikaona uvivu kumsubiri. Nilichukua sindano kwenye kikapu chake cha ushonaji, nikachokonoa nozeli mwenyewe. Ncha ikakatika ndani. Nikafunga, nikajisemea itaungua humo humo. Ni mimi. Mama Rosalia, ni mimi.

Jioni ile nilimfuata jikoni nikilia. Aliendelea kumenya mihogo. "Nyamaza," aliniambia. "Ukinyang'anywa lori, watoto wako wanne watakula nini? Mimi watanisema tu." Miaka ishirini na minane walimsema, nami nikala.

Kikohozi kilimwanza Agosti 2023. Hospitalini waliona uvimbe kwenye pafu. Mwezi uliopita nilipiga magoti kitandani kwake: "Dada, niruhusu niseme kabla hujaondoka."

"Weee! Waje hapa wajaze chumba, waniombe msamaha, nami sina hata nguvu ya kuwapikia kahawa? Sema nikishakuwa siwasikii."

Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 15 Oktoba 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na miaka sitini na minane.

Ameacha mume, Donatus, watoto wawili, Yulita anayekalia meza ya nozeli sasa, na Marselinus, wajukuu watano, na mdogo mmoja, ambaye ni mimi.

Kwenye karatasi mliyogawiwa, aya ya mwaka 1996 haimo. Niliichapisha bila hiyo kwa woga, na wanangu wameisikia leo kama ninyi. Basi iandikeni wenyewe pembeni, kwa kalamu, kila mtu yake: mkono ulioteleza ni huu ulioshika karatasi.

Kresensia, dada yangu, nimekwisha sema. Pumzika kwa amani, na jina lako ni safi.