Unga wa Binti wa Fundi Cherehani

Benchi letu limebanwa kati ya kinyozi na duka la ushonaji, na birika la kahawa la hapo halipoi. Alasiri moja Fundi Cherehani alikuja na kikopo cha unga mweupe, kakishika kama kina nyoka. Bintiye anayefanya kazi kiwanda cha vyakula kautengeneza mwenyewe, na kesho anautetea mbele ya wakubwa wake. Kamwomba baba jambo moja tu: awe wa kwanza kuonja. Mimi sipendi kuzungushwa. Nikamuuliza, shida nini?

— Umetengenezwa na bakteria, akanong'ona.

— Bakteria! Kinyozi akaruka. Mimi kutwa nawaua kwa spiriti, wewe unawapangisha tumboni?

— Ni wale wa maziwa ya mgando. Wanatoa kimeng'enya, kitu kama mkasi wangu, kinakata sukari ya maziwa na kuiunga upya.

— Wakiimaliza? akadakia Redio, fundi redio anayeamini kila kinachosemwa redioni. Watahamia kwenye utumbo! Wataukata, wauunge kichwa chini miguu juu!

— Na nywele zitaota ndani, Kinyozi akasema. Koo nitakunyoaje?

— Tena wanazaana! Redio akaongeza. Unalala mtu mmoja, unaamka kijiji.

— Jamani, si kazi ya mwanangu hii?

— Mwanao, sawa. Na bakteria je, wajukuu? Kinyozi akauliza.

Wakaangua kicheko. Nikapandwa na hasira.

— Semeni mnaogopa, basi! Mwenzenu anamwangusha mtoto, nyinyi meno nje!

Mara binti huyo, katoka kazini.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Akaona kikopo hakijafunguliwa. Uso ukamshuka. Akamgeukia Redio.

— Baba mdogo, suruali hiyo kashona nani?

— Baba yako, nani mwingine?

— Na mkasi wake umo mfukoni?

Redio akajipapasa mfuko. Haki ya Mungu, alijipapasa!

— Basi na ungani bakteria hawamo; walishakata na kuunga, wakatolewa, binti akasema.

Fundi akafungua kikopo, akatia kijiko cha unga kwenye kahawa, akafumba macho, akanywa.

— Sema kweli, baba.

— Utamu hafifu, mwanangu. Sukari ya dukani inaushinda.

Binti akacheka, uso ukarudi.

— Ndivyo ulivyo. Kazi yake ni kuwalisha bakteria wema walioko tumboni.

— Walioko? Kinyozi akashtuka. Kwani wapo tayari?

— Tangu utotoni, baba.

Kinyozi akalitazama tumbo lake. Kisha akasogeza kikombe.

— Basi tia. Wapangaji wangu wasilale njaa.